Maneno ya Susu Ndani ya Mashine Namba Tatu

Alhamisi, 5 Desemba

Sikubonyeza kuhifadhi, na si kwamba nilisahau. Hili sijamwambia mtu yeyote. Bosi anadhani kompyuta ndiyo iliyonipotezea kazi yangu jana, na nimemwacha adhani hivyo.

Hapa kwenye saiba ya Bwana Masila kila mteja hukalia mashine yoyote iliyo wazi. Ukihifadhi barua yako, atakayekuja baada yako ataifungua. Tangu nianze kazi hapa, siku tatu baada ya mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, nimeona barua za watu wazima zikisomwa kwa sauti na wageni wanaocheka. Kwa hiyo wanaoijua saiba wana desturi yao. Jambo la siri unaliandika, unalichapisha, unalifunga bila kulihifadhi. Nami nilifanya hivyo. Ila jana printa ilikuwa imeishiwa wino, na bosi alikuwa ameenda kuutafuta. Nikasema nitamngoja.

Jana Susu alitoka Mwala kuja kliniki ya presha. Susu ni mama yake baba. Mvua ikamzuia mjini, akaja akakaa kando yangu kwenye mashine namba tatu tangu saa tano mpaka saa kumi, akaniambia habari za mama.

Nina miaka kumi na minane. Nyumbani jina la mama halitajwi. Nilichoambiwa ni kwamba aliondoka nikiwa na miaka miwili, na baba akiulizwa huinuka akaenda kuangalia kama tangi lina maji.

"Andika," Susu alisema. "Nikiongea tu utasahau, nami sina nguvu ya kusema mara mbili."

"Nirekodi kwa simu, Susu?"

"Aiee. Sauti yangu isibaki ikizungushwa watu wakinywa chai. Andika."

Nikafungua ile programu ndogo ya maandishi matupu, nikaandika. Kikamba chake kiliingia masikioni, Kiswahili kikatoka vidoleni, na kati ya hapo mimi sikuwepo. Nilikuwa natafuta maneno tu. Saa kumi na dakika kumi skrini ikawa bluu yote. Ikaandika kwamba inakusanya taarifa, ikahesabu asilimia polepole hadi mia, ikajiwasha upya. Bosi, aliyekuwa ndio amefika na wino wake, akaitukana na kuizima.

Susu alicheka. "Basi tutarudia Jumatano ijayo," akasema, akafunga leso kichwani, akaenda.

Nakumbuka kwamba mama yuko hai. Nakumbuka kwamba alirudi kunichukua na Susu akamfukuza. Nakumbuka Susu alitaja mahali pengi mama alipohangaika kutafuta kazi, Kitui, Matuu, Kithimani, Masii, Wamunyu, na pengine tena, na kuhusu mahali pamoja kati ya hapo alisema, "huko ndiko aliko sasa." Sikumbuki ni wapi alisema hivyo.

Jumatano si mbali.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua kutwa. Wateja wanne. Namba tatu imezimwa bado, bosi amenuna nayo.

Jumamosi, 7 Desemba

Susu ameanguka shambani akipalilia ndengu. Baba ametoka kazini Mavoko moja kwa moja kwenda Mwala.

Jumapili, 8 Desemba

Yuko hospitali. Upande wa kulia hausogei na mdomo umeshuka. Daktari anasema ni kiharusi, na kwamba anaelewa kidogo lakini maneno yamemtoka. Limebaki moja, "ii", yaani ndiyo. Ukimuuliza kama anasikia maumivu anasema "ii". Ukimuuliza kama hasikii maumivu anasema "ii". Baba alimuuliza, "Mwaitu, mama yangu, unanijua?" Akasema "ii", na baba akafurahi. Kisha nesi akamuuliza kama yeye ni mwanamume, akasema "ii" vilevile, na baba akatoka nje.

Mimi nilimwinamia sikioni. "Susu, ni Matuu?" Ii. "Ni Kitui?" Ii. "Ni Masii?" Ii. Nilipouliza alilia kwa jicho moja. Nikaacha.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo jambo limetokea.

Bosi alimpigia Wangechi simu. Wangechi ni fundi wetu wa kompyuta, mwanamke wa Karatina mwenye duka lake Kyumbi. Bosi aliweka spika kwa sababu alikuwa anakunywa uji.

"Ile takataka yako imeanguka tena Jumatano," akasema.

"Ilianguka? Vizuri sana!"

"Vizuri gani, Wangechi? Umelewa?"

"Masila, wewe huniita kila wiki uniambie mashine imeanguka, nami sijui sababu. Nikaja mwezi jana nikaiwekea amri. Ikianguka, isife hivihivi. Kwanza iandike kwenye diski kila kitu kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake. Kila kitu. Nikifungua hilo faili nitajua ugonjwa."

Sijui nilipata wapi sauti. Mimi huwa siongei bosi akiwa kwenye simu. "Hata kitu ambacho mtu alikuwa anaandika?" nikauliza. "Hata kama hakuhifadhi?"

Wangechi akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni msichana wangu wa kazi, Kavindu. Leo amefufuka."

"Kavindu, sikiza. Darasani mlikuwa na ubao na daftari, si ndiyo? Kumbukumbu ya kompyuta ni ubao. Stima ikikatika, ubao unafutwa. Diski ndiyo daftari. Sasa hii mashine ikianguka inanakili ubao wote kwenye daftari kabla ya kuzima. Chaki, vumbi, hata kilichofutwa nusu. Ilihesabu mpaka mia?"

"Ilihesabu."

"Ikawaka tena?"

"Ikawaka, bosi akaizima."

"Tangu hapo imewashwa?"

Tulitazamana na bosi. "Nilikuwa nimekasirika," bosi akasema.

"Basi kasirika zaidi. Msiiwashe. Faili ni moja tu, na ikianguka tena itaandika jipya juu ya lile la zamani. Mimi nina kazi ya shule huku, nitakuja wiki ijayo na diski kubwa. Nimesema msiiwashe!"

Nimeandika kwenye karatasi MBOVU nikaibandika kwenye skrini. Nilibandika mara mbili.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua. Susu: ii.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Tumemleta Susu nyumbani kwetu mjini. Baba amehamia kochi ili Susu alale kitandani kwake. Kila asubuhi anamlisha uji kabla ya kwenda Mavoko na kila jioni akirudi, kwa kijiko cha bati, na kijiko kinamgonga meno kwa sababu mdomo haufungi vizuri. Baba husema "pole, mwaitu" kila kinapogonga. Sikujua baba anaweza kuwa mpole hivyo.

Mimi siwezi kumlisha. Nilijaribu mchana nikaona mkono wangu unataka kuwa na haraka. Namtazama nasema moyoni, wewe ulisimama mlangoni ukamfukuza mama.

Jumatatu, 16 Desemba

Saiba ilijaa tangu asubuhi. Wanafunzi wa kuomba vyuo, watu wa vyeti vya kuzaliwa, mwalimu mmoja mwenye fomu za darasa zima. Mashine nyingine tano zote zina watu, foleni imefika mlangoni. Nilikuwa nyuma nalaminisha vitambulisho. Niliporudi nilikuta karatasi yangu imewekwa kando na yule mwalimu ameketi kwenye namba tatu.

"Bosi!"

"Dakika kumi tu, Kavindu. Mwalimu ametoka Masii, nimrudishe na mvua hii?"

"Fundi alisema..."

"Fundi analipa kodi ya chumba hiki?"

Nilisimama nyuma ya mwalimu kama mtu anayengoja zamu. Niliomba Mungu kwa dakika saba. Dakika ya nane skrini ikawa bluu.

"Ee, imefanya nini hii?" mwalimu akasema. Chini pakaandikwa asilimia tano. Kumi. Kumi na tano.

Nilijua kinachoandikwa ni nini. Ilikuwa inanakili fomu za mwalimu ili izilaze juu ya Susu. Nikapiga magoti, nikapita katikati ya miguu ya mwalimu, nikashika waya wa soketi, nikang'oa. Sikuchagua waya. Mashine tatu zilizimika pamoja.

Watu walipiga kelele. Kijana mmoja alikuwa amejaza fomu kwa saa nzima. Mwanamke wa vyeti akauliza, "Huyu mtoto ana wazimu?" Bosi alinishika bega, akanivuta kutoka chini ya meza.

"Kwani umefanya nini? Unanifungia biashara?"

Nami nikapaza sauti mbele ya watu wote hao. "Kuna maneno ya Susu ndani! Hawezi kuongea tena, na mimi sikuyasikia vizuri!"

Sijawahi kutamani kuzama ardhini kama pale. Mwalimu ndiye aliyeinuka kwanza. Akachukua karatasi yangu ya MBOVU, akaibandika tena kwenye skrini, akasema ataandika kwa mkono.

Jioni bosi alifungua waya zote za namba tatu, akaibeba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, akaniambia itakaa nyumbani kwake chini ya kitanda mpaka Wangechi aje. Kumbe pia alimpigia baba simu, kumwambia nisikaripiwe.

Baba hakunikaripia. Aliuliza tu, "Susu alikuambia nini?"

"Mambo ya zamani, Baba."

Akainuka akaenda kuangalia tangi. Linamwagika, mvua yote hii.

Jumatano, 18 Desemba

Wangechi amekuja, na bosi ameileta namba tatu. Ni mwembamba, ana kucha fupi na hucheka kabla hajamaliza kusema. Alikagua pale pale mezani. Faili la tarehe nne bado liko. Anasema mashine ikianguka huandika kwanza mahali pa muda, halafu ikiwaka ndipo hupeleka mahali pake. Nilipong'oa waya ilikuwa haijamaliza, kwa hiyo haikupeleka kitu.

"Nani alikufundisha kung'oa?"

"Hakuna."

"Basi usirudie. Lakini ulifanya sawa."

Alitoa diski ya mashine, akaifunga kwa kitambaa aende nayo Kyumbi pamoja na mashine yenyewe. Kisha akachukua kalamu. "Faili ni kubwa sana, na nyingi ni takataka ya mashine yenyewe. Siwezi kulisoma lote. Nipe neno moja ambalo una hakika uliliandika, na mashine yenyewe haiwezi kulijua. Jina la mtu ni zuri."

Bosi alikuwa pale. Niliangalia chini.

"Kavindu, bila neno sina pa kuanzia."

"Mutanu," nikasema.

Ni mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Nilidhani litakuwa zito. Ni jina jepesi tu, la silabi tatu. Wangechi akaliandika kiganjani bila kuuliza ni nani, na bosi ghafla akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika.

Jumatatu, 23 Desemba

Wangechi amepiga. Ametafuta lile jina siku nne. Hakuna hata moja.

"Pole, mrembo. Labda kumbukumbu ilikuwa imelihamisha. Mimi naenda Karatina Krismasi."

Nilimwambia asante. Nilienda choo cha nyuma nikakaa huko mpaka bosi akaniita.

Jumatano, 25 Desemba

Baba alichinja kuku. Susu hawezi kumeza nyama, baba akamsagia ini kwa kijiko. Ndengu za Susu huko Mwala zimestawi, majirani wanasema, na hakuna aliyepalilia mistari minne ya mwisho.

Jumamosi, 28 Desemba

Mvua imeanza kupungua. Leo nimemlisha Susu mimi. Kijiko kilimgonga jino, nikasema pole, na nilipolisema nililimaanisha. Bado nimemkasirikia. Mambo yote mawili yapo.

Nikimfuta kidevu huwa najiuliza mama alikuwa na kidevu gani. Hakuna picha. Nikijitazama kwenye kioo natoa pua ya baba na paji la Susu, nabaki na macho na mdomo. Hivyo lazima ni vyake.

Alhamisi, 2 Januari

Saiba kavu. Bosi ameniuliza mara mbili kama nataka chai.

Jumatatu, 6 Januari

LIKO.

Wangechi alipiga saa tatu asubuhi, akicheka. "Nilitafuta vibaya! Nimelala Karatina najiuliza, kisha nikaamka nikajipiga kofi. Ile programu uliyotumia haiandiki herufi zikiwa zimebanana. Kila herufi inaiachia nafasi tupu pembeni. M, tupu. U, tupu. T, tupu. Mimi nilikuwa natafuta zikiwa zimeshikana. Nimetafuta tena na nafasi zake. Unajua mara ngapi?"

"Ngapi?"

"Sitini na moja!"

Susu alitaja jina la mama mara sitini na moja kwa siku moja, baada ya miaka kumi na sita ya kutolitaja. Labda mara zingine ni mashine imerudia kivuli chake, Wangechi anasema. Mimi naamini sitini na moja.

Alhamisi, 9 Januari

Matokeo ya mtihani yametoka. Nimepata B. Baba amenishika kichwa kwa mikono miwili.

Jumamosi, 11 Januari

Nimetoka Kyumbi. Duka la Wangechi liko nyuma ya wauza mahindi ya kuchoma, limejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa amechapisha tayari.

Si barua. Ni vipande saba. Kumbukumbu ya kompyuta haikai kama kitabu, anasema, imekatwakatwa katika vyumba vidogo vya ukubwa mmoja, na maandishi marefu hutawanywa popote palipo na nafasi. Kila kipande kinaanza katikati ya neno na kukomea katikati ya neno. Kimoja hakikuonekana kabisa.

"Kuvipanga ni kazi yako," akasema. "Mimi sijui kipi kinafuata kipi."

Kulikuwa na karatasi ya nane, ndogo, yenye mstari mmoja. Alinipa ikiwa imekunjwa. "Hii ilikuwa pembeni. Sikuisoma." Lakini aliangalia pembeni akisema hivyo.

Nilikumbuka. Susu alikwenda msalani saa nane, nami nikaandika mstari, nikaufuta kabla hajarudi. *Mama kwa nini hukuniiba.* Niliufuta herufi moja moja. Mashine iliuona ukiwa bado upo.

Jumapili, 12 Januari

Baba alikwenda Mwala kuangalia shamba. Nilitandaza karatasi sakafuni karibu na kitanda cha Susu, nikapanga. Neno lililokatika hapa lilishika mkia wake pale. Ilinichukua asubuhi nzima. Susu alikuwa anatazama kutoka kitandani, sijui kama alijua ni nini.

Nanakili hapa sehemu moja tu.

*"...kamwambia mtoto amelala. Na wewe hukuwa umelala, ulikuwa nyuma yangu umeshika leso yangu. Alikuona. Mimi nilikuwa katikati ya mlango. Hakupiga kelele. Aliuliza kama unakula vizuri, nikasema unakula. Aliuliza kama unaogopa radi, nikasema huogopi. Ulikuwa unaogopa. Nilisema huogopi ili asipate sababu ya kungoja. Mutanu alikuwa amekwenda kwao Wamunyu miezi miwili tu kumuuguza mama yake. Mimi ndiye niliyemwambia Ndunda kwamba ameolewa Kitui. Na yeye nikamwambia Ndunda ameoa. Nilimpa kila mmoja uongo wake akaubeba. Nilikuwa nimesikia wakipanga kuhama, na Ndunda ni mtoto wangu wa pekee, na nyumba ya mtu mmoja usiku ina sauti nyingi. Usiandike hilo la mwisho. Haya andika. Alikuja mara tatu. Akahangaika Kitui, Matuu, Kithimani, akavuna maharagwe ya watu Masii. Huko aliko sasa ni Wamunyu alikorudi, anapiga msasa vinyago katika banda la bati la kijani nyuma ya kinu cha kusaga. Muuza vyungu wa Masii huniletea habari zake, nami najifanya sik..."*

Hapo kipande kinaisha. Kinachofuata ndicho kilichopotea.

Ndunda ni baba. Kumbe miaka yote hii baba anakwenda kwenye tangi, hakuwa amekasirika. Alikuwa anaamini mama ana mume Kitui.

Nilimaliza kusoma nikamtazama Susu. Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake nilimgeuza, kwa sababu saa ya kumgeuza ilikuwa imefika.

Jumatano, 15 Januari

Jua kali. Nimepanga: nitamwona mama, nimsikie, kisha nimpe baba karatasi jioni hiyohiyo.

Jumamosi, 18 Januari

Nilimwambia baba nakwenda kwa Wangechi.

Banda la bati la kijani lipo. Mbele wanaume wanachonga, nyuma wanawake sita wamekaa kwenye magunia wanapiga msasa, vumbi la mti limewakalia nyusi. Nilisimama nikaangalia videvu. Wa nne kutoka mlangoni alikuwa na mdomo wangu. Ni mfupi kuliko nilivyomfikiria. Alikuwa na swara wa mti magotini, anamsugua shingo taratibu.

"Unatafuta nani, mami?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

Nilikuwa nimejizoeza maneno. Yote yalikimbia. Nikafungua mfuko nikampa karatasi, zote saba.

Alijifuta mikono kwenye rinda, akasoma. Alisoma amekaa, kisha akainuka akasoma amesimama. Wale wanawake wengine waliacha kusugua. Mmoja akasema, "Mutanu, ni msiba?" Yeye aliendelea kusoma. Alipofika karatasi ya mwisho alirudi ya kwanza. Kisha akanitazama kuanzia miguuni, polepole, kama anaogopa kufika usoni.

"Radi," akasema. "Uliacha kuogopa lini?"

"Bado sijaacha."

Alinivuta nikaingia kifuani pake pamoja na vumbi lote. Alinukia mti na jasho. Sitaandika zaidi hapo.

Tulikaa nyuma ya kinu. Aliuliza mambo madogo madogo, nalala upande gani, napenda muthokoi au chapati, nani alinisuka siku ya kwanza ya shule. Nilisema baba alinisuka, vibaya. Alicheka akafunika mdomo.

"Hakuoa?"

"Hakuoa."

Akazigeuza karatasi mkononi. "Nani mwingine amesoma hizi?"

"Fundi aliona vipande. Baba bado. Nampa leo jioni."

"Usimpe."

Nilidhani sikusikia. "Hutaki ajue hukumwacha?"

"Nataka. Miaka kumi na sita nataka, mpaka nimechoka kutaka." Alikuwa anazikunja karatasi vizuri, kona kwa kona. "Umesema anamlisha mama yake kwa mkono wake asubuhi na jioni."

"Ndiyo."

"Akishasoma hii, kesho asubuhi atamlisha vipi?"

Nikaangalia vumbi kwenye viatu vyangu.

"Atamlisha," mama akasema, "kwa sababu ni Ndunda. Lakini hatasema pole. Na yule mzee hana neno la kujitetea hata moja. Mimi siwezi kumpiga mtu asiye na mdomo. Wacha kwanza amalize kuwa mtoto wa mama yake. Wewe njoo hapa siku yoyote, mimi siendi popote."

Alinirudishia karatasi sita. Moja, ile ya mlangoni, aliibakiza. Nilipoinuka kuondoka akaingia bandani, akatoka na kijiko cha mti, kidogo, chepesi, laini kama ngozi ya sikio. Alikuwa amekisugua yeye mwenyewe.

"Cha bati kinaumiza fizi," akasema. "Mpe kwa hiki. Usiseme kimetoka kwa nani."

Jumanne, 21 Januari

Wangechi amefuta lile faili nikiwa nasikia kwenye simu. Kabla ya kufuta aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Namba tatu imerudi saibani, kumbe ugonjwa ulikuwa kijiti kimoja cha kumbukumbu kilichokufa. Wateja wanaitumia kama kawaida.

Jumapili, 26 Januari

Ndengu zimevunwa, baba ameleta gunia moja.

Jioni alimlisha Susu kwa kile kijiko. Hakikugonga. Susu alimeza uji wote bila kumwaga, mara ya kwanza. Baba akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba ukingoni, akarudia, polepole zaidi.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Wamunyu. Wanauza."

"Kimepigwa msasa na mtu anayejua." Akakiosha mwenyewe, akakikausha kwa shati lake. Kisha, mgongo ukiwa umenigeukia: "Yale maneno ya Susu kwenye mashine. Wangechi hakuyapata?"

Karatasi sita zilikuwa chini ya godoro, hatua nne kutoka aliposimama. Susu alikuwa anatutazama wote wawili.

"Hakuyapata, Baba."

"Sawa," akasema. Nilingoja aende kwenye tangi. Hakwenda. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, kijiko mkononi, mpaka giza likaanza kuingia na ikabidi niwashe taa.

Wewe uliyefungua daftari hili, sasa unajua kuliko baba yangu. Ukikutana naye mjini, mtu mrefu, anatembea amefunga mikono nyuma, msalimie, muulize hali ya mgonjwa. Usimwambie kwamba hakuachwa. Usimwambie kwamba huko Wamunyu yuko mtu aliyeuliza kama alioa. Atalisikia siku moja, nami nitakuwepo. Lakini kesho alfajiri ana uji wa kupika. Usimwambie bado.